SOMO LA VIKUNDI: TUWAHESABU TELEKA KABLA YA KUBOMOA VIOTA

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze kueleza kwa nini ndege huhesabiwa, na aweze kuwahesabu teleka jioni moja bila kubahatisha.

Vifaa: Kitabu cha mazoezi, kalamu, saa, na konzi ya maharagwe makavu.



Kikundi kimoja kimetuletea swali. Wanataka kupaka rangi ukumbi wao, lakini chini ya paa kuna viota vingi. Nusu ya wanakikundi wanasema, "Tuchukue mti mrefu tuviangushe vyote, ndege hawa wanachafua ukuta." Wengine wanasema, "Hapana, tuwaache, wanakula wadudu." Tuliwauliza, "Je, ndege wenyewe ni wangapi?" Kimya. Mmoja akasema ishirini, mwingine akasema mia mbili. Basi somo la leo limetoka hapo.

1. Teleka ni ndege gani?

Wengi wetu tunamchanganya na mbayuwayu. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni hii: ukimwona ndege ametua juu ya waya wa stima, huyo si teleka. Miguu ya teleka ni mifupi sana. Hawezi kukaa juu ya tawi wala waya. Hujishikiza ukutani kwa kucha. Mabawa yake ni membamba, yamepinda kama mundu. Yule mdogo tunayemwona mijini na kwenye majengo makubwa ana alama nyeupe mgongoni karibu na mkia. Kiota chake ni cha manyoya na nyasi, kilichogandishwa kwa mate yake mwenyewe.

Chakula chake ni wadudu wanaoruka, na hula akiwa angani. Kuna jamaa yake anayezaa Ulaya na kuja huku Afrika baridi inapoanza kule. Mwaka 2016 wataalamu wa Sweden walieleza kwamba baadhi ya hao hukaa angani miezi kumi bila kutua hata mara moja.

Sasa, ndege wa namna hiyo utamhesabu lini? Mchana ametawanyika mbinguni. Wakati mzuri ni jioni, anaporudi kulala.

2. Shule mbili zilizohesabu

Magharibi mwa Marekani kuna teleka wadogo wanaoitwa teleka wa Vaux. Zamani walilala ndani ya miti mikubwa yenye uwazi. Miti hiyo ilipokatwa, walihamia kwenye mabomba ya moshi ya matofali. Kila Septemba, wakisafiri kwenda Mexico na Amerika ya Kati, maelfu yao hulala pamoja katika bomba moja. Jioni huzunguka juu yake kama kimbunga, kisha huingia kwa kasi, utadhani ni moshi unaorudi chini.

Katika mji wa Portland, shule ya msingi ya Chapman iliwapata wageni hawa tangu miaka ya 1980. Bomba lilikuwa la tanuri ya kupasha shule joto. Wakiwasha tanuri, ndege wataungua. Shule ikaamua kuizima mpaka ndege waondoke. Watoto na walimu wakavaa sweta. Baadaye fedha zikachangwa, shule ikapata mtambo mwingine, na bomba likaachiwa ndege. Wa kujitolea huwahesabu jioni za Septemba, huku watu wengi wakiketi kwenye mteremko kutazama.

Katika mji wa Monroe, jimbo la Washington, shule nyingine ilikuwa na bomba la zamani. Kulikuwa na mpango wa kulibomoa kwa hofu ya tetemeko la ardhi. Watu wa kujitolea, miongoni mwao mwalimu mstaafu wa sayansi, walisimama pale jioni baada ya jioni wakihesabu. Ziko jioni walizopata zaidi ya ndege 20,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyozungumza. Bomba halikubomolewa, liliimarishwa.

Angalieni jambo hili. Kama wangeenda kwa wakuu wa shule wakasema "kuna ndege wengi," wangeambiwa "asanteni" na bomba lingeanguka. Neno "wengi" halina uzito barazani. Nambari iliyoandikwa, yenye tarehe, ina uzito.

Mfano mwingine ni Uingereza. Huko watu wa kujitolea huhesabu ndege kila mwaka kwa utaratibu mmoja tangu 1994. Kwa sababu hiyo walijua kwamba teleka wao wamepungua zaidi ya nusu tangu 1995, na mwaka 2021 wakamweka katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Sababu moja ni kwamba nyumba zinapokarabatiwa, matundu yao huzibwa. Ni kazi ile ile ya ukarabati inayojadiliwa na kikundi chetu!

Hata hapa Kenya kazi hii si ngeni. Tangu miaka ya 1990, Makumbusho ya Taifa pamoja na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini kwenye maziwa yetu kila Januari.

3. Jinsi ya kuhesabu

a) Chagueni watu wawili wa kuhesabu, na mmoja wa kuandika. Wanaohesabu wasiambiane nambari mpaka mwisho.

b) Fikeni nusu saa kabla ya jua kutua. Simameni mahali ambapo mwanga wa magharibi uko nyuma ya ndege.

c) Andikeni kwanza tarehe, saa, mahali na hali ya hewa.

d) Hesabuni wanaoingia, kumi kumi. Kila wakifika kumi, toa haragwe moja mfuko wa kulia, tia wa kushoto. Macho yasitoke juu.

e) Mwandishi ahesabu wanaotoka tena.

f) Endeleeni mpaka zipite dakika kumi bila ndege kuingia, au giza liingie.

Mfano: Una maharagwe 14 na ndege 6 wa ziada. Hao ni 146. Waliotoka ni 9. Jibu ni 137. Mwenzako amepata 125. Andikeni zote mbili, kisha wastani, yaani 131. Mkitofautiana sana, rudieni kesho.

Rudieni jioni tatu, halafu kila mwezi juma lile lile.

4. Makosa ya kuepuka

Usiongeze nambari ili kikundi kisifiwe. Usiache kuandika siku ambayo hamkuona hata mmoja. Sifuri nayo ni habari. Usipande ngazi kuchungulia viota wala kuwarushia mawe ili watoke.

5. Turudi kwenye ukumbi

Shauri letu kwa wenzetu ni hili. Hesabuni kwanza. Tazameni kama wazazi wanaingia na kutoka mchana kutwa. Hiyo ni dalili ya makinda, na rangi ingoje. Uchafu ni taabu ya kweli, hatukatai. Pigilieni ubao mwembamba chini ya viota, ukuta utabaki safi. Mkishapaka rangi, hesabuni tena. Wakipungua, mtajua. Mkibomoa bila kuhesabu, hamtajua mmepoteza nini.

Maswali ya kujadili

1. Ni majengo gani kijijini kwetu yana teleka? Nani mwenye jengo, na tumwombe vipi ruhusa?
2. Kwa nini wahesabuji wawili ni bora kuliko mmoja?
3. Je, kuna jambo jingine tunalosema ni "mengi" au "machache" bila kuhesabu? Maji ya kisima? Miche iliyokufa?
4. Kitabu cha hesabu kitakaa kwa nani, ili mwenyekiti akibadilika kisipotee?

Kazi ya kufanya: Kabla ya mkutano ujao, hesabuni jioni tatu. Leteni kitabu mkutanoni, kisomwe mbele ya wote, ndipo mpige kura kuhusu viota.

Tunawatakia kazi njema.