Masta baada ya A0: Anzia Bugarama, Kigali Baadaye

Ukishamaliza A0, yaani shahada ya kwanza, ya biolojia, kemia au fizikia na kurudi Kamembe, nyumbani wataanza kukuuliza unaanza masta lini. Usiwe na haraka ya kuwajibu. Itafute kazi kwanza, kisha kozi inayoelekea kwenye kazi hiyo.

Kazi zenyewe zinaonekana kwa macho. Panda basi la Bugarama. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kinahitaji watu wa maabara wa kupima kila hatua, tangu jiwe hadi mfuko. Shagasha kuna chai. Nyungwe, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023, ina mimea na sokwe wa kufuatiliwa. Mto Ruzizi una mabwawa ya umeme, hospitali za Gihundwe na Mibilizi zina maabara, na ziwani kuna sambaza, samaki waliohamishiwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mtafute mtu mmoja anayefanya kazi katika mojawapo ya sehemu hizo, umwombe nusu saa. Usimuulize usome nini, maana atakutajia alichosoma yeye. Muulize ni kitu gani anakihitaji kazini kila siku na chuoni hakufundishwa. Akikujibu takwimu, au ramani za kompyuta, au kutengeneza mashine za maabara, umeshapata somo kuu la masta yako.

Halafu soma matangazo ya kazi za serikali ya miezi michache iliyopita, neno kwa neno. Mara nyingi yanataka A0 na uzoefu wa miaka mitatu, au masta na uzoefu wa mwaka mmoja. Piga hesabu. Masta ya miaka miwili inakupunguzia miaka miwili ya uzoefu, basi. Kama tayari una kazi, hata ya mshahara mdogo, kuiacha ili usome hakukusogezi mbele. Tafuta kozi ya jioni au ya wikendi. Kama huna kazi, hesabu inabadilika, ilimradi ada isiwe mkopo wa familia. Angalia pia majina ya shahada zinazokubaliwa. Kozi yenye jina tamu lisilomo kwenye orodha itakutoa kabla hata ya mtihani wa kazi.

Sasa ndipo Kigali. AIMS Rwanda, iliyoanza 2016, inafundisha sayansi za hisabati na kuwalipia wanafunzi ada, malazi na chakula; mtu wa fizikia asiyeogopa hesabu asiipite. Chuo Kikuu cha Rwanda kina vituo vya umahiri vya sayansi ya data na vya nishati endelevu. Carnegie Mellon ina tawi Kigali, lakini ada yake si ya mchezo, kwa hiyo ombi la nafasi liende pamoja na ombi la ufadhili. Na kwa kuwa Rwanda imo katika Jumuiya ya Madola tangu 2009, ufadhili wake wa kusoma Uingereza nawe unakuhusu.

Bukavu iko ng'ambo ya daraja tu, lakini tangu vita viingie mjini humo Februari 2025, ulizia kwanza chuo unachokitaka kinaendeleaje. Masomo kule ni ya Kifaransa, na shahada ya nje hupelekwa Baraza la Elimu ya Juu (HEC) ilinganishwe na za Rwanda. Pata jibu la HEC kabla hujalipa chochote.

Kwa masta ya utafiti, msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo. Soma makala zake mbili, kisha umwandikie aya tatu: memwari yako ilihusu nini, makala zake zimeacha swali gani, na wewe unataka kupima nini. Kama kwenu ni karibu na Nyungwe au ziwa, na unaweza kukusanya sampuli masika na kiangazi bila kudai nauli wala posho ya kulala, liandike hilo kwenye aya ya kwanza. Bajeti za utafiti huishia njiani, na yeye analijua hilo kuliko wewe.