Godoro Lipimwe kwa Mizani

Ukitoka Kaptagat kwenda Eldoret kununua godoro, swali la kwanza huwa ni bei, la pili ni kampuni. Yote mawili yana haki yake. Lakini lipo la tatu ambalo wauzaji wengi hawajazoea kuulizwa: hili godoro lina kilo ngapi?

Kwa nini kilo? Magodoro mengi tunayolalia huku ni ya sponji, na sponji ni plastiki iliyoumuliwa ikajaa hewa. Hewa ikizidi, godoro huwa jepesi, bei yake hushuka, na hubonyea mapema. Uzito wa sponji ukilinganishwa na nafasi inayoijaza ndio wataalamu huuita densiti, nao hupimwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo. Herufi HD kwenye lebo hudai kwamba sponji ni nzito. MD, kwamba ni ya wastani. Herufi si kipimo. Dai namba.

Muuzaji hana namba? Itafute mwenyewe. Chukua godoro la futi nne kwa sita, unene inchi sita, yaani nusu futi. Zidisha 4 kwa 6 kwa 0.5, utapata futi 12 za ujazo, ambazo ni sawa na mita 0.34 za ujazo. Kisha lipime: katika nchi ya mahindi na maziwa mizani haiadimiki, na ile ya kupimia magunia inatosha. Gawanya kilo ulizopata kwa 0.34. Likiwa na kilo 5, densiti ni karibu 15: hilo ni la mgeni wa siku mbili. Kilo 8 ni karibu 24, na linamfaa mtu mzima wa mwili wa kawaida. Kilo 10 ni karibu 29, na hapo hata watu wawili wazito hawatalichimba shimo upesi.

Mizani hufichua na bei. Tuseme duka moja linauza godoro la kilo 6 kwa shilingi 6,000, na la pili linataka 8,400 kwa godoro la ukubwa uleule lenye kilo 9. La kwanza ni shilingi 1,000 kwa kilo, la pili ni 933. Lile lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Je, uzito unaweza kudanganya? Ndiyo. Sponji huweza kuongezwa unga wa chaki ili iwe nzito. Fungua zipu ya kitambaa, sugua sponji kwa kidole gumba: ikiacha vumbi au ikimeguka, liache hapohapo. Ukiona rangi nyingi zilizoshikana, hilo limetengenezwa kwa mabaki yaliyogandamizwa. Huwa zito na gumu, usililinganishe na la sponji nzima. Bonyeza kwa ngumi uone kama sponji inarudi mara moja. Halafu vua viatu ulale dakika kumi, kwa ubavu uliouzoea. Usione haya, pesa ni zako.

Na sifa za watu je? Zisikilize, lakini uliza kwanza msifu ana kilo ngapi na amelilalia kwa muda gani. Huku kwetu kambi za riadha ni nyingi. Mkimbiaji wa marathoni mwenye kilo 55 anaweza kulisifu godoro kwa moyo safi, nawe wa kilo 95 ukalimaliza kwa msimu mmoja. Aliyelilalia wiki moja anakusimulia upya wa godoro tu. Vilevile, sponji ile laini inayofuata umbo la mwili hukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo sifa zake kutoka Mombasa zisikutoshe wewe unayelala kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000.

Nyota ambazo magodoro hupewa mtandaoni zihofu zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya Casper ya Marekani iliwashtaki wenye tovuti tatu za kutathmini magodoro, mojawapo ikiwa Sleepopolis. Mwaka uliofuata Sleepopolis ikapata wamiliki wapya, walioinunua kwa mkopo wa Casper hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuamini sifa, uliza anayesifu analipwa na nani.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini yake pana namba ya kibali. Andika SM, alama ya #, kisha namba hiyo, utume kwa 20023. Utajibiwa kama kibali ni halali. Ukifika nyumbani vua nailoni yote, maana hufungia unyevu, na uliweke godoro juu ya chaga, si juu ya sakafu ya saruji. Kwa baridi yetu, la sakafuni huota ukungu upande wa chini.

Hifadhi risiti iliyoandikwa ukubwa, densiti na muda wa waranti. Godoro likibonyea kabla ya muda huo na muuzaji akakuzungusha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.