Malaria na hila ya kuwalaza askari wa damu

Msomaji uishiye Kibarani, habari za mbu huna haja ya kuelezwa. Homa ikikupanda, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, kwani askari wa mwili huhadaiwa.

Miongoni mwa chembechembe nyeupe kuna aina iitwayo wauaji wa asili. Baadhi yao wana kipokezi KIR2DL1, mfano wa breki: kikigusa alama ya chembe nzima ya mwili, muuaji hutulia. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, na wenzao walieleza kwamba kijidudu cha malaria huipamba chembe nyekundu iliyovamiwa kwa protini za rifini, na baadhi yazo hukanyaga breki hiyo hiyo. Ujanja ulioje! Ila wako watu wenye kipokezi pacha, KIR2DS1. Rifini ikikishika hicho, muuaji huamka akaishambulia chembe.