Takwimu: Usichanganye Odi na Uwezekano

Ukimaliza sehemu hii uweze kutofautisha odi na uwezekano, kukokotoa hatari linganifu, na kubadili odi kuwa uwezekano.

Maana

Uwezekano = waliopatwa na jambo ÷ watu wote.
Odi = waliopatwa na jambo ÷ wasiopatwa.

Wanafunzi 60 kati ya 100 wakiugua malaria, uwezekano ni 60/100 = 0.6, lakini odi ni 60/40 = 1.5.

Hatari linganifu ni uwezekano wa kundi moja ukigawanywa kwa uwezekano wa kundi jingine. Ukigawanya odi kwa odi, unapata uwiano wa odi.

Watafiti wakichambua majibu ya dodoso kwa rigresheni ya lojistiki, kinachotoka ni uwiano wa odi. Wengi huusoma kana kwamba ni hatari linganifu. Hapo ndipo kosa lilipo.

Mfano halisi

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo madaktari 720 walionyeshwa video za waigizaji waliojifanya wagonjwa wa maumivu ya kifua. Kila daktari aliulizwa kama angempeleka mgonjwa kwenye kipimo cha kuingiza mrija mwembamba hadi kwenye moyo. Wagonjwa weupe walipendekezwa kwa asilimia 90.6, na weusi kwa asilimia 84.7. Uwiano wa odi ulikuwa 0.6. Vyombo vya habari vikatangaza kuwa uwezekano wa weusi ni pungufu kwa asilimia 40. Je, ni kweli?

*Njia:*
Odi ya weusi = 84.7/15.3 = 5.54
Odi ya weupe = 90.6/9.4 = 9.64
Uwiano wa odi = 5.54/9.64 = 0.57, yaani karibu 0.6
Hatari linganifu = 84.7/90.6 = 0.93

Kwa hiyo upungufu ni asilimia 7, si 40. Ubaguzi haukufutika, kwani tofauti ipo. Ila ukubwa wake ulitiwa chumvi.

Kumbuka

Jambo likiwa adimu, vipimo hivi viwili hukaribiana. Wakiugua 6 kati ya 100 kundi moja na 4 kati ya 100 kundi jingine, hatari linganifu ni 1.5 na uwiano wa odi ni 1.53. Jambo likiwa la kawaida, huachana sana.

Zoezi

Chukulia kuwa katika kundi linalotumia chandarua, uwezekano wa kuugua ni 0.5. Modeli inaonyesha uwiano wa odi wa 3 kwa wasiotumia. Tafuta hatari linganifu.

*Jibu:*
Odi ya wanaotumia = 0.5/0.5 = 1
Odi ya wasiotumia = 1 × 3 = 3
Uwezekano wa wasiotumia = odi ÷ (1 + odi) = 3/4 = 0.75
Hatari linganifu = 0.75/0.5 = 1.5

Ukiandika "wasiotumia chandarua wana uwezekano mara 3 wa kuugua", umekosa. Ni mara 1.5.