SOMO LA WIKI: Mshahara wa rubani na bei ya kulala nyumbani

Mfanyabiashara wa vitunguu wa soko la Misuna, mjini Singida, akipigiwa simu kwamba gunia limepanda bei Dar es Salaam, harukaruki kwa furaha. Kwanza anatoa nauli ya lori, ushuru, wapagazi, fedha ya dalali na vitunguu vitakavyooza njiani. Kinachobaki ndicho anachokiita bei. Hakuna mkulima wa Iramba wala Mkalama ambaye hajui hesabu hiyo, hata kama hakukanyaga darasa la biashara.

La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, mwanawe akihitimu urubani na kupata barua mbili za ajira, husahau hesabu yote hiyo. Atauliza jambo moja tu: wapi wanalipa zaidi? Hapo familia inakuwa imekwisha kuuza ng'ombe, pengine na shamba, kwa maana masomo ya urubani hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Kimarekani, na leseni ya biashara kwa kawaida hudai saa 200 za kuruka. Kwa hiyo hamu ya kurudisha mtaji upesi inaeleweka. Lakini mshahara ulioandikwa katika barua ni kama bei ya Kariakoo. Somo la wiki hii linahusu namna ya kuishusha bei hiyo mpaka ifike Singida.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kituo cha kazi. Rubani haajiriwi na shirika tu, huajiriwa pia na uwanja wa ndege ambako zamu yake inaanzia na kuishia. Mashirika yetu ya safari za ratiba yamejikita zaidi Dar es Salaam. Makampuni ya ndege ndogo, zile za Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Visiwani, yana vituo Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Mashirika ya Ghuba yana kituo kimoja kila moja, Dubai kwa Emirates na Doha kwa Qatar Airways, na rubani hana budi kuhamia huko. Singida si kituo cha shirika lolote. Mwenye mke na watoto Singida, popote atakapoajiriwa, atakuwa msafiri kabla hajawa rubani.

Tuchukue mfano. Tarakimu za mishahara na matumizi zilizomo ni za kufanyia hesabu tu, si za kampuni yoyote; viwango vya kodi ndivyo vya sheria. Kijana wetu, rubani msaidizi, ana barua mbili. Ya kwanza ni ya shirika la ratiba lenye kituo Dar es Salaam, sh. 6,000,000 kwa mwezi. Ya pili ni ya kampuni ya ndege ndogo Arusha, sh. 4,000,000. Tofauti ni sh. 2,000,000, na wazee wa ukoo wamekwisha kupiga kura.

Twende polepole. Katika milioni sita, mchango wa NSSF wa asilimia 10 unachukua sh. 600,000. Zinabaki sh. 5,400,000 za kutozwa kodi ya mapato. Kwa viwango vya Tanzania Bara, milioni moja ya kwanza hukatwa sh. 128,000 na kila kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30, kwa hiyo kodi ni sh. 1,448,000. Mkononi zinafika sh. 3,952,000. Sasa toa pango la chumba na sebule Dar es Salaam, tuseme sh. 500,000, chakula na matumizi ya nyumba ya pili sh. 400,000, na safari mbili za kwenda na kurudi Singida kila mwezi, sh. 200,000. Kilichobaki kwa ajili ya familia ni sh. 2,852,000.

Barua ya Arusha nayo ipitishwe kwenye chekecheo hilo hilo. NSSF sh. 400,000, kodi sh. 908,000, mkononi sh. 2,692,000. Tuseme kampuni inatoa malazi, kwa hiyo hakuna pango. Chakula sh. 250,000, safari mbili sh. 120,000. Zinabaki sh. 2,322,000.

Tofauti ya milioni mbili imeyeyuka, imebaki sh. 530,000. Sehemu kubwa ilikwenda kwa mkusanya kodi na kwa mwenye nyumba wa Dar es Salaam, ambao hawakuwamo katika kikao cha ukoo.

Upande wa pili wa daftari ni siku. Hapa ndipo wengi hawaandiki kitu. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 700. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kwenda Dodoma, Julai 2024, mambo yamekuwa mepesi kiasi: basi hadi Dodoma kama saa nne, kisha treni isiyofikisha saa nne. Hata hivyo ukiongeza kusubiri, siku imekwisha. Tikiti nafuu ya ndege, ambayo mashirika huwapa wafanyakazi wao, haifiki mbali zaidi ya Dodoma, na mara nyingi hutegemea kama kuna kiti kilichobaki. Mwenye kuihesabu kama nauli ya uhakika amehesabu kuku kabla ya mayai.

Rubani wetu wa Dar es Salaam akipewa mapumziko ya siku nne mfululizo, Jumanne hadi Ijumaa, Jumanne yote yuko njiani. Jumatano na Alhamisi yuko nyumbani. Ijumaa anarudi, kwa sababu Jumamosi alfajiri anaruka na lazima awe amelala. Katika siku nne za mapumziko amepata siku mbili kamili na usiku tatu. Mara mbili kwa mwezi ni usiku sita, kwa miezi 11 ni usiku 66, ongeza likizo ya mwaka ya siku 28 ambayo sheria ya ajira inampa kila mfanyakazi. Kwa mwaka atalala nyumbani kwake mara 93 hivi. Zilizobaki 272 watoto wanamsikia kwenye simu.

Arusha iko karibu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Barabara ya lami kupitia Katesh na Babati imeifanya safari kuwa ya nusu siku, kwa hiyo ile Jumanne na ile Ijumaa kila moja inarudisha nusu yake nyumbani. Kuna jingine: biashara ya ndege za watalii ina msimu. Masika ya Aprili na Mei watalii hupungua na ndege nyingi hupumzika. Kampuni ikimwachia rubani wetu siku 30 za ziada katika kipindi hicho, atakuwa Singida alizeti inapokaribia kuvunwa, na mkono wa ziada shambani haukataliwi.

Sasa tunaweza kuuliza swali la kibiashara. Pengo la sh. 530,000 kwa mwezi ni sh. 6,360,000 kwa mwaka. Ligawe kwa usiku 30 za nyongeza, unapata sh. 212,000. Hiyo ndiyo bei ya kila usiku wa nyumbani ambao kijana ananunua kwa kuchagua Arusha. Kama zile siku 30 hazina mshahara, na hilo lazima liulizwe kabla ya kusaini, pengo linapanda hadi sh. 8,682,000 na usiku mmoja unafika sh. 289,400. Kuna watakaosema ni ghali, na kuna watakaosema ni rahisi. Mwandishi hana ugomvi na yeyote kati yao, mradi bei iwe imejulikana kabla ya kununua.

Lakini ngoja. Kuna barua ya tatu ambayo haikuandikwa na mwajiri yeyote, nayo ni kuihamishia familia Dar es Salaam. Safari nyingi za ndani hurudi kituoni jioni, kwa hiyo rubani aliyehamia na familia anaweza kulala nyumbani usiku 24 kwa mwezi. Pango litapanda, tuseme kwa sh. 300,000, ila sh. 400,000 za nyumba ya pili na sh. 200,000 za safari zinaondoka. Kwa hesabu hiyo kuhama kunaleta faida ya sh. 300,000. Tatizo liko kwa mkewe, mwenye duka la mafuta ya alizeti na mashudu linalompa sh. 700,000 kwa mwezi. Likifungwa, familia inapungukiwa sh. 400,000 kwa mwezi, yaani sh. 4,800,000 kwa mwaka, na inapata usiku kama 200 zaidi. Kila usiku sh. 24,000. Huo ndio usiku wa bei poa kuliko zote katika daftari hili.

Kwenye karatasi jibu limepatikana. Ila tazama nani analipa. Sh. 4,800,000 ni hasara ya familia, lakini duka lililofungwa ni la mama peke yake: wateja wake, wakulima wanaomkopesha alizeti kwa neno lake, jina lake mjini. Wanauchumi huita faida iliyoachwa gharama ya fursa, na anayeibeba ndiye anayepaswa kuulizwa. Geuza jinsia, rubani akawa mke na mwenye duka mume, utaona jinsi swali linavyoulizwa upesi zaidi na kwa sauti kubwa zaidi.

Isitoshe, duka hilo ni bima. Kazi ya rubani imesimama juu ya cheti cha afya ambacho kwa kawaida hufanywa upya kila mwaka, na kwa anayerusha abiria peke yake bila msaidizi, akishavuka miaka 40, kila miezi sita. Shinikizo la damu au jicho moja likileta matata, mshahara wote unasimama. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha ndege dunia nzima, na mashirika makubwa ya Ghuba nayo yaliwapunguza marubani. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus A220 za Air Tanzania zilikaa chini kwa matatizo ya injini za aina hiyo, yaliyoyakumba mashirika mengine pia. Ndege ikikaa chini, rubani ambaye sehemu ya malipo yake huhesabiwa kwa saa za kuruka huumia kabla ya mwenye ndege. Familia yenye mapato ya aina moja tu haipaswi kuitwa tajiri.

Kuhusu Ghuba tutasema kifupi, maana rubani msaidizi mwenye saa 200 hapokelewi huko kirahisi. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato ya mshahara, hivyo ile asilimia 30 inabaki mfukoni, na mikataba mingi huwa na nyumba na ada za shule. Upande wa pili ni kwamba kibali cha kuishi cha mke na watoto hutegemea ajira ya mwenye kazi. Kazi ikiisha, nyumba, shule na kibali vinaisha pamoja.

Wapo wanaosema wataishi Singida na kufanya kazi Dar es Salaam kwa kusafiri usiku na kuingia kazini asubuhi. Hao wasome habari ya ndege ya Colgan Air iliyoanguka karibu na Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari, 2009 na kuua watu 50. Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, ilhali kituo chake kilikuwa Newark na mshahara wake ulikuwa mdogo. Alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo kupitia Memphis ili awahi zamu. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa jinsi rubani mkuu alivyoitikia onyo la ndege kupoteza nguvu za kuelea, na kwamba huenda uchovu uliwapunguzia marubani uwezo, ingawa haikuwezekana kupima kwa kiasi gani. Marekani ilibadili kanuni za mapumziko, na tangu Januari 2014 rubani wa abiria lazima apate saa 10 za kupumzika kabla ya zamu. Kanuni hupima muda. Kama muda huo uliishia kwenye kiti cha basi la Dodoma, kanuni haioni.

Mwenye hisa naye asidhani haya hayamhusu. Wengi walionunua hisa za Precision Air kwa sh. 475 mwaka 2011 waliangalia idadi ya ndege na njia zake. Ni wachache waliouliza marubani wanakaa muda gani kabla ya kuondoka, ingawa kila anayeondoka humlazimu mwajiri kumfundisha mwingine aina ile ile ya ndege. Mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022 uliwaacha maelfu ya abiria viwanjani, na chanzo kilikuwa mfuko wa akiba na madai ya mishahara, mambo ambayo mwekezaji makini angeyaona mapema.

Mwisho kuna kifungo cha mafunzo, ambacho kinapindua hesabu zote za juu kikisahaulika. Mwajiri akimlipia kijana mafunzo ya aina ya ndege, tuseme sh. 24,000,000, humfunga kwa miaka mitatu. Akiondoka baada ya miezi 24, kwa mkataba unaopungua kila mwezi, atadaiwa theluthi, sh. 8,000,000. Kwa mkataba usiopungua atadaiwa zote. Maneno mawili au matatu kwenye ukurasa wa nyuma ndiyo yanayotofautisha hayo. Aidha auliziwe ratiba hutolewa siku ngapi kabla, kama siku za mapumziko zinaweza kuunganishwa, na zamu ya kusubiri wito inamtaka awe umbali gani kutoka uwanjani. Kama jibu la mwisho ni saa moja, basi hata ile Jumatano na Alhamisi ya Singida zifutwe kwenye daftari.

Wiki ijayo: dhamana ya shamba katika mkopo wa ada.