SOMO LA UFUGAJI: KUKU MGENI BANDANI NA GANDA LA YAI

Wafugaji wa kuku wa uani, hususan watumishi wanaojiongezea kitoweo na kipato kwa matetea kumi au ishirini nyuma ya nyumba, aghalabu husikika na malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba kuku walionunuliwa karibuni wamewatia maradhi kuku wa zamani. La pili ni kwamba mayai yana ganda jembamba, na huvunjika kabla ya kufika jikoni. Malalamiko hayo huchukuliwa kuwa ni mawili yasiyohusiana, na mfugaji hukimbilia kununua chokaa kwa la pili na dawa kwa la kwanza. Mara nyingi chanzo chake ni kimoja. Somo hili linaeleza namna yanavyoungana, kwa kuchukua mfano wa mji ulio mbali na bahari.

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu kuwekwa Vwawa. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde wa Zambia, na miji hiyo imekaribiana kiasi cha mtu kuvuka kwa miguu. Barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA kadhalika. Mji wenye wasafiri na madereva wa namna hiyo hula kuku wengi. Kuku wa kienyeji hufikishwa sokoni kutoka vijijini wakiwa wamebanwa ndani ya matenga, na kuku wa nyumba nyingi hulala katika tenga moja. Anayemnunua tetea hapo kwa nia ya kumfuga, na si ya kumchinja, huwa amenunua pia pumzi ya kuku wote aliosafiri nao.

Visiwani hali haiko mbali na hiyo. Bandari ni mpaka kama ulivyo mpaka wa Tunduma, na kuku anayeshuka chomboni amepitia matenga yale yale. Tafauti iliyopo ni kwamba maji ya bahari humpa mkaazi wa kisiwa dhana kuwa maradhi ya bara yako mbali.

Maradhi yanayoogopwa zaidi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Virusi vyake huweza kukaa mwilini mwa kuku siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana, na kwa kawaida siku 5 au 6. Kwa hiyo kuku anayeonekana mzima sokoni, macho maangavu na kilemba chekundu, anaweza kuwa amekwisha ambukizwa. Banda lisilochanjwa huweza kumalizika lote kwa muda wa wiki moja. Kinga ipo: chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, na ambayo hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku wa zamani wachanjwe si chini ya wiki mbili kabla ya mgeni kuletwa, kwa sababu kinga huhitaji muda kujengeka mwilini. Kuchanja siku ile ile mgeni anapoingia ni sawa na kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuku mgeni asipewe jembe hilo hadi siku ya 21. Katika wiki tatu hizo akae mahali pake, mbali na banda kubwa kadiri uwanja unavyoruhusu, akiwa na chombo chake cha maji na cha chakula. Anayehudumia aanze kwa kuku wa zamani, kisha ndipo aende kwa mgeni, na baada ya hapo anawe mikono kwa sabuni na kubadilisha viatu. Utaratibu huu wa nani atangulie ndio unaosahauliwa kuliko mengine, nao hauna gharama yoyote. Mgeni akaguliwe chini ya mbawa na pembezoni mwa haja kwa ajili ya utitiri na viroboto, kinyesi chake kitazamwe kila asubuhi, na pumzi yake isikilizwe usiku wakati pametulia. Akiwa mzima, achanjwe katika siku za mwanzo za kutengwa. Akiwa mgonjwa, asichanjwe.

Inafaa ifahamike kwamba siku 21 hazifichui kila kitu. Kuku aliyepona mafua ya kuku huweza kuendelea kubeba vijidudu vyake bila ya kuumwa, na homa ya matumbo ya kuku hupita hata ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Ndiyo maana inashauriwa kununua kuku kwa mfugaji anayejulikana, ambaye banda lake limeonekana kwa macho, badala ya kuchagua katika tenga.

Hapa ndipo ganda la yai linapoingia. Kwa mfugaji wa uani asiye na maabara, ganda ni barua inayofika kila siku kutoka tumboni mwa kuku. Yai huchukua takriban saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na katika muda huo kiasi cha saa 20 ni za ganda peke yake, nyingi zikiwa za usiku. Lolote linalomsumbua kuku usiku huo huandikwa juu ya ganda. Tetea aliyetiwa hofu kwa kufukuzwa au kudonolewa hulizuia yai lisitoke, nalo huzidi kupakwa vumbi jeupe la chokaa au hutoka na mkanda kiunoni. Ugonjwa wa mkamba wa kuambukiza huacha ganda lenye mikunjo na ute mwembamba kama maji, na ukimpata tetea akiwa mdogo huweza kuharibu njia ya mayai maisha yake yote. Vipo pia virusi ambavyo asili yake ni mabata, vinavyomfanya kuku anayeonekana mzima kutaga mayai yasiyo na ganda kabisa. Wenye kuchanganya mabata na kuku katika uwanja mmoja walitie hilo maanani.

Kwa hiyo ganda likiharibika ghafla katika banda lote, swali la kwanza liwe: nani ameingia hapa mwezi huu? Likiharibika polepole, au kwa kuku wachache tu, ndipo chakula kichunguzwe.

Songwe ni mkoa wa mahindi, na kuku wengi wa huko hulishwa mahindi na pumba zake. Ganda moja la yai lina takriban gramu 2 za kalisi. Gramu 100 za mahindi, ambazo ni karibu na chakula cha kuku kwa siku nzima, hazizidi gramu 0.03. Kwa hesabu hiyo tetea angehitaji kula mahindi kwa zaidi ya miezi miwili ili apate kalisi ya ganda moja. Asipoipata kwingine, huichota kutoka katika mifupa yake, na matokeo yake ni kuku anayechechemea. Kuku wa asili halionyeshi tatizo hili upesi, kwa sababu hutaga mayai machache kwa mwaka na hujitafutia konokono na majani. Kuku wa mayai wa kisasa, anayeweza kufikisha mayai 300 kwa mwaka, hana muda wa kujaza akiba ya mifupa. Yeye huhitaji kalisi kiasi cha gramu 4 kila siku, kwa kuwa tumbo halinyonyi yote anayokula.

Mfugaji wa Tunduma hununua dagaa, mifupa iliyosagwa na chokaa ya mifugo. Mawe ya chokaa huchimbwa karibu na Mto Songwe, upande wa Mbeya. Mkaazi wa kisiwa hana haja ya safari hiyo, kwani kombe za chaza na kome zimo pwani. Zioshwe chumvi, zikaushwe, zivunjwe vipande vya ukubwa wa punje ya mtama na zisisagwe zikawa unga. Vipande hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati ganda linapojengwa. Wakati mzuri wa kuviweka ni alasiri. Maganda ya mayai ya nyumbani nayo yanafaa, mradi yakaangwe na kupondwa kabisa, kuku wasije wakajifunza kula mayai.

Neno chokaa lina hatari yake. Chokaa ya tanuri, inayotokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa na kutumika katika kujengea na kupakia kuta, huunguza mdomo na koo la kuku. Asili yake ni madini yale yale yaliyomo katika kombe, lakini moto umeyageuza. Chokaa ya kupakia nyumba isiwekwe katika chakula kwa hali yoyote, hata kidogo, hata ikiwa ya zamani.

Vipande vya kombe viwekwe katika chombo chake, visichanganywe na chakula cha wote. Vifaranga na mitetea ambayo haijaanza kutaga huhitaji kalisi kiasi cha robo tu ya ile ya kuku anayetaga, na ikizidi huwaharibu figo. Tetea anayetaga hujua haja yake mwenyewe na huifuata.

Baada ya wiki tatu, mgeni hawekwi tu katikati ya wenyeji. Mwaka 1921 mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana, kila mmoja akijua nani yuko juu yake. Mgeni huvuruga mpango huo. Basi kwa wiki moja watenganishwe kwa wavu au fito, waonane bila ya kugusana. Kisha wageni, wawili au zaidi na wasio wadogo kuliko wenyeji, wapandishwe kitagoni usiku. Kudonoana kwa siku chache ni kawaida. Damu ikionekana, aliyejeruhiwa atolewe mara moja. Vyombo vya chakula, maji na kombe viongezwe na vitawanywe, kwani mwenyeji mmoja mkali huweza kulinda chombo kimoja kutwa nzima. Tetea wa chini hulala na firigisi tupu, na ganda lake likawa jembamba ilhali kombe zimejaa.

Jambo moja mfugaji wa Tunduma hana haja ya kulihofia sana, kwani mji wake uko juu na una baridi. Visiwani, wakati wa joto la Kaskazi, kuku huhema kwa mdomo wazi na kupoteza hewa ile ile inayohitajika kutengeneza ganda. Kivuli, maji baridi na chakula cha alfajiri husaidia kuliko kuongeza kombe.

Kuku yeyote atakayekufa ndani ya siku 21 za kutengwa asichinjwe mwenziwe kwa haraka ili auzwe, wala mzoga usitupwe jaani. Uzikwe shimoni au uchomwe, na taarifa ipelekwe siku hiyo hiyo kwa Sheha au kwa Afisa wa Mifugo wa Wilaya, ikitajwa kuku alinunuliwa wapi na lini.