Viungo Vilivyokatika: Namna Kikundi Kinavyoweza Kuokoa Daftari Lake la Kidijitali

Kikundi cha akiba na mikopo kinakutana Jumapili alasiri katika mojawapo ya mitaa ya Eastlands. Mwanachama anaomba kuonyeshwa stakabadhi ya pesa zilizowekwa benki mwezi Machi. Katibu anafungua daftari la kikundi kwenye kompyuta, anabonyeza maandishi ya buluu yaliyo kando ya tarehe, na kompyuta inajibu kwamba faili haipatikani. Anajaribu ya Aprili, mambo ni yale yale. Minong'ono inaanza, na macho yote yanamgeukia mweka hazina.

Mara nyingi katika hali kama hii pesa zipo benki na stakabadhi ipo kwenye folda. Kilichopotea ni anwani tu. Lakini si rahisi kuwaeleza hivyo watu thelathini wanaosubiri kuona karatasi, na ndiyo sababu jambo hili linafaa kushughulikiwa kabla ya siku ya mkutano.

Kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, kikundi kinachoacha kaunta buku na kuhamia kompyuta hukumbana na tatizo hili mapema. Daftari huandikwa kwa OneNote, Obsidian, Word au Excel, kisha husafiri kwa flashi: leo liko kwa katibu nyumbani, kesho kwa mweka hazina dukani, keshokutwa kwenye saiba linakochapishwa. Ndani yake kuna viungo vya kumbukumbu za mikutano, katiba, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Hizi ndizo hati zinazohitajika kikundi kinapojisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Kiungo hakibebi stakabadhi. Kinabeba maelezo ya mahali ilipo, kama kadi ya maktaba inavyoeleza kitabu kiko rafu gani. Anayefika katika maktaba za kaunti zilizoko Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, anajua kwamba kitabu kikirudishwa kwenye rafu isiyo yake hakionekani tena hata kama hakijatoka nje ya jengo. Mkutubi hanunui kingine, anakitafuta na kukirudisha kwenye rafu yake.

Kosa linalovunja viungo vingi kuliko yote ni anwani ndefu. Katibu anapounganisha stakabadhi akiwa nyumbani, kompyuta yake huenda ikaandika anwani kama hii: C:\Users\Katibu\Documents\Kikundi\Risiti\machi.pdf. Anwani hiyo inataja diski ya kompyuta yake na jina la mtumiaji wake. Kompyuta ya mweka hazina haina mtumiaji anayeitwa Katibu, kwa hivyo inatafuta mahali ambapo hapapo. Flashi nayo ina kisa chake. Windows huipa herufi kulingana na zilizo wazi wakati huo, hivyo kwenye mashine moja itakuwa E na kwenye nyingine F au G. Kiungo kilichoandikwa kwa E hakitaifuata F, hata kama flashi ni ile ile na faili ni ile ile.

Dawa ni anwani fupi, inayoanzia pale daftari lenyewe lilipo: Risiti/machi.pdf. Familia mbili zinazoishi ploti moja zikihama pamoja kutoka Jericho hadi Umoja na kupanga tena milango inayopakana, maelezo kwamba Mama Otieno anaishi mlango wa pili yanabaki kuwa kweli. Maelezo yaliyotaja mtaa na namba ya nyumba ya zamani ndiyo yanayoharibika. Sharti ni moja: zihame pamoja. Daftari likinakiliwa kwenye flashi na folda ya Risiti ikaachwa nyumbani, anwani fupi nayo haitasaidia kitu.

Kazi ya kutengeneza basi huanza na folda moja kuu, tuseme Kikundi. Daftari huwekwa humo, na ndani yake folda ndogo za Risiti, Kumbukumbu na Wanachama. Kabla ya kugusa kiungo chochote, folda nzima hunakiliwa mahali pengine kama akiba. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza muda, kisha hujuta baada ya dakika kumi.

Kinachofuata hutegemea programu. Katika Obsidian, mipangilio ya faili na viungo ina sehemu ya kuchagua viungo vipya viandikwe kwa anwani fupi, iliyoandikwa "Relative path", na nyingine ya kusahihisha viungo vyenyewe kila faili inapobadilishwa jina. Usahihishaji huo hufanyika jina likibadilishwa ndani ya Obsidian. Anayebadilisha jina nje, kupitia kidirisha cha kawaida cha mafaili, hupita nyuma ya mgongo wa programu na kiungo hubaki na jina la zamani. Katika Excel, kitabu kinachochota hesabu kutoka kitabu kingine hurekebishwa kupitia "Data", kisha "Edit Links", ambayo katika matoleo mapya huitwa "Workbook Links". Hapo mtumiaji huonyesha kitabu kilipo sasa, na hesabu zote zinazokitegemea husahihishwa kwa pamoja. Kwa OneNote njia rahisi zaidi ni kuacha kiungo kabisa na kuingiza stakabadhi yenyewe kama kiambatisho, ili nakala yake isafiri ndani ya daftari. Nakala hiyo haitabadilika faili ya nje ikibadilishwa, lakini stakabadhi ya benki haitarajiwi kubadilika.

Ikiwa daftari lina viungo mia vilivyoharibika kwa namna moja, hakuna haja ya kubonyeza kimoja kimoja. Madaftari ya Obsidian ni maandishi ya kawaida, na programu ya bure kama Notepad++ inaweza kutafuta kipande cha anwani katika mafaili yote ya folda na kukibadilisha kwa mara moja. Kipande cha mwanzo, kuanzia C hadi Kikundi pamoja na mkwaju wa mwisho, huondolewa, ikabaki Risiti na jina la faili. Mkwaju unaolalia nyuma, ambao Windows hupenda, hugeuzwa uwe wa kuegemea mbele, kwa sababu huo ndio unaoeleweka na programu na kompyuta nyingi zaidi.

Baada ya hapo hubaki viungo vichache vikaidi, na hivi mara nyingi huwa na tatizo la jina. Windows kwa kawaida haijali kama faili inaitwa Machi.pdf au machi.pdf. Kompyuta inayotumia Linux huyaona kuwa majina mawili tofauti. Nafasi kati ya maneno pia husumbua baadhi ya programu, hivyo 2024-03-benki.pdf ni salama kuliko "risiti ya benki machi mpya.pdf". Kuna pia mtego mdogo: Windows huficha herufi za mwisho za jina, kwa hivyo anayeongeza ".pdf" kwa mkono huenda akapata faili inayoitwa machi.pdf.pdf bila kujua, na kiungo kikaitafuta bila kuipata.

Vikundi vilivyohamia Google Drive vimeepuka herufi za flashi, kwani kiungo cha huko hushikilia namba ya utambulisho ya faili wala si jina lake. Faili inaweza kubadilishwa jina au kuhamishwa folda na kiungo kikaendelea kufanya kazi. Huko hukatika kwa sababu nyingine. Ya kwanza ni ruhusa: mwanachama hubonyeza na kuambiwa aombe kibali. Ya pili ni nzito zaidi. Faili ni mali ya akaunti iliyoiunda. Katibu wa zamani akiitupa, hukaa kwenye pipa siku 30 kisha hufutwa. Akaunti yake isipotumiwa kwa miaka miwili, Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Kikundi ambacho kumbukumbu zake zote ziko kwenye akaunti ya mtu aliyehama mtaa hakina muda wa kungoja. Afadhali kifungue akaunti ya kikundi, nywila yake ijulikane na maafisa wawili au watatu, na hati zinakiliwe humo.

Hapa kuna tiba mbili ambazo ni mbaya kuliko ugonjwa. Moja ni kufungua ruhusa ili yeyote mwenye kiungo aone kila kitu, eti wanachama waache kulalamika. Kiungo kikitumwa kwenye kundi moja la WhatsApp, hakuna ajuaye kitakakoishia, na nakala za vitambulisho zitakwenda nacho. Nyingine ni kunakili folda nzima kwenye kompyuta ya saiba ili viungo vifanye kazi siku hiyo, kisha kuondoka bila kuifuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Ni busara nakala za vitambulisho zikae kwenye folda isiyosafiri na flashi, isipokuwa siku zinapohitajika.

Matengenezo yakikamilika hujaribiwa kwenye mashine iliyo ngeni kabisa kwa daftari, si kwa katibu nyumbani ambako kila kitu hufunguka. Saiba inafaa kwa jaribio hili. Flashi huchomekwa, daftari hufunguliwa, na viungo vya mwezi wa kwanza, wa kati na wa mwisho hubonyezwa. Kisichofunguka huandikwa kwenye karatasi, faili yake hutafutwa kwa jina katika folda kuu, na anwani husahihishwa hapo hapo.

Siku maafisa wapya wanapochukua ofisi, katibu anayeingia hufungua daftari kwenye kompyuta yake mwenyewe, aliyetoka akiwa ameketi kando yake. Wanaanza na Januari na kushuka kiungo kwa kiungo, stakabadhi kwa stakabadhi. Wa zamani anatia sahihi ya makabidhiano baada ya kile cha mwisho kufunguka.